Tumbo na mawazo: kuishi na kolopati pamoja na wasiwasi wa muda mrefu

Leo tuongee jambo ambalo wengi tuko nalo lakini hatulisemi mbele ya watu, kwa sababu linahusu choo na kwa sababu linahusu woga. Ni vitu viwili ambavyo msomi hapendi kuviandika kwenye CV.

Picha ni hii, na nadhani familia nyingi za Karavia zinaijua. Kijana amemaliza chuo, ana diploma mkononi, anatafuta kazi. Tumbo linamkata kila wiki. Anaenda labo, karatasi inarudi imeandikwa "amiba ++". Anakunywa Flagyl siku saba, anapata nafuu kidogo, kisha baada ya wiki tatu tumbo linarudi palepale. Labo tena: safari hii ni "tifoidi", Widal imetoka. Antibiotiki nyingine. Mwaka unakwisha, pesa imekwisha, tumbo liko paka vile. Na mwaka huo mzima hakuna aliyemuuliza: usiku unalala? Ukitaka kutoka nyumbani, kitu cha kwanza unachowaza ni nini?

Kwa vijana wengi wa namna hiyo shida si mdudu. Ni kolopati na wasiwasi vinavyoishi pamoja ndani ya mtu mmoja, kimoja kikimlisha mwenzake. Ukitibu kimoja tu na kuacha kingine, unateka maji kwa ndoo yenye tundu.

Tuanze na jina. Waganga wetu wamesomea Kifaransa, wanaandika colopathie fonctionnelle au côlon irritable. Mtaani imekuwa "kolopati" basi. Maana yake ni utumbo ambao ukiutazama kwa kamera hauna kidonda wala uvimbe, lakini mwendo wake umeharibika. Unakaza wakati usiotakiwa, unasukuma haraka mno au polepole mno, na mishipa yake ya fahamu inasikia maumivu pale ambapo utumbo wa mwingine hausikii kitu. Si ugonjwa wa kujifanyisha. Tangu 2016 madaktari wanafuata vigezo vinavyoitwa Roma IV: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, pamoja na mawili kati ya matatu haya: maumivu yanahusiana na kwenda choo, idadi ya kwenda choo imebadilika, au sura ya choo chenyewe imebadilika. Na dalili ziwe zimeanza angalau miezi 6 nyuma. Kuna wanaoharisha, kuna wanaofunga choo, na kuna wanaochanganya, wiki hii hivi, wiki ijayo vile.

Uchunguzi mkubwa wa nchi 33 uliotangazwa 2021 ulikuta, kwa vigezo hivyo, watu kama 4 kwa kila 100 miongoni mwa waliojibu kwa intaneti. Kama hesabu hiyo inatufaa na sisi, auditwari ya watu 300 ina kumi na wawili. Kila mmoja wao anafikiri yuko peke yake, na kila mmoja anakaa karibu na mlango.

Kabla ya kuendelea, simama hapa kidogo. Kolopati haiui, lakini magonjwa mengine yanayofanana nayo yanaua. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila kutaka, ukiwa na homa, ukipungukiwa damu, ukiamshwa usingizini na kuhara, au kama mzazi au ndugu alipata kansa ya utumbo, usisome makala hii na kujiambia "njo ile kolopati". Nenda ukapimwe. Kadhalika mtu ambaye dalili zake zimeanza akiwa amevuka miaka 50. Kwetu hapa lazima tuongeze: kipimo cha virusi vya Ukimwi, kifua kikuu (kinaweza kukaa hata tumboni), na bilharzia kwa wale wanaooga kwenye mito na maziwa. Amiba ya kweli nayo ipo, na ile ya kweli huleta kuhara damu, pengine hata jipu kwenye ini. Fanya vipimo mara moja, vizuri, halafu amini majibu. Kurudia vipimo vilevile kila mwezi kwa sababu ya hofu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, tutaona mbele.

Sasa ile amiba ya misalaba miwili. Kuna mdudu anaitwa Entamoeba histolytica, huyo anaumiza. Kuna mwingine, Entamoeba dispar, anaishi tumboni mwa watu bila kumdhuru mtu. Kwa mikroskopi ya kawaida hao wawili wanafanana kabisa. Fundi wa labo hawezi kuwatofautisha kwa macho, isipokuwa amuone yule mkali amemeza chembe za damu. Kwa hiyo karatasi inaweza kusema "amiba" na tumbo lako likawa linauma kwa sababu nyingine kabisa. Widal nayo inajulikana kwa kudanganya: inaweza kutoka "ndiyo" kwa mtu asiye na tifoidi, hasa katika nchi ambako wengi wetu tulishakutana na vijidudu vya jamii hiyo zamani. Silaumu watu wa labo, wanafanya kazi na vifaa walivyo navyo. Ninacholaumu ni desturi yetu ya kununua antibiotiki kama vile tunanunua karanga. Kila duru ya dawa hizo inavuruga vijidudu vizuri vinavyokaa kwenye utumbo, na kutumia antibiotiki ni moja ya mambo yanayoongeza hatari ya kubaki na kolopati baada ya kuugua tumbo.

Maana mdudu wa kweli anaweza kuwasha moto halafu akaondoka. Mwaka 2004 huko Bergen, Norway, nchi tajiri yenye maji ya bomba, kijidudu cha Giardia kiliingia kwenye maji ya mji na watu wengi waliugua. Walitibiwa, mdudu akaisha. Miaka 3 baadaye watafiti waliwarudia: 46 kwa kila 100 ya waliougua walikuwa na dalili za kolopati, wakati kwa majirani ambao hawakuugua ilikuwa 14 kwa 100. Mdudu alishaondoka, lakini mishipa ya utumbo ilibaki imeshtuka, kama mtu aliyeibiwa usiku ambaye sasa anaamka kila panya akipita. Sisi tunaokunywa maji ya kisima wakati bomba limekauka, tunaweza kuelewa habari hiyo vizuri kuliko watu wa Norway. Na hao wanaobaki na tumbo bovu baada ya ugonjwa kupita, mara nyingi ni wale waliokuwa tayari na wasiwasi au huzuni wakati wa kuugua.

Kwa nini wasiwasi uingie? Kwa sababu utumbo una mishipa yake ya fahamu, mamilioni na mamilioni ya seli, zinazoongoza mwendo wa chakula hata bila kuuliza kichwa. Mwingereza John Langley aliutambua mfumo huo kama kitu cha pekee tangu 1921. Kati ya tumbo na ubongo kuna mshipa mrefu, neva vagasi, na sehemu kubwa ya nyuzi zake zinapeleka habari kutoka tumboni kwenda kichwani, si kinyume chake kama tulivyozoea kufikiri. Habari zinapanda na kushuka mchana na usiku. Kichwa kikisema "hatari", utumbo unapata amri ya kutapisha mzigo ili mwili ukimbie. Utumbo ukisema "ninaumwa", kichwa kinatafuta adui, na kisipomuona kinamtunga.

Miaka ya 1940 huko New York, daktari Thomas Almy alifanya jaribio ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, mzima kabisa, alikuwa anachunguzwa utumbo mpana kwa chombo. Madaktari wakaanza kuongea kati yao, yeye akisikia, kana kwamba wameona kansa. Palepale, mbele ya macho yao, utumbo wa kijana ukawa mwekundu na kukaza kwa nguvu. Walipomwambia kwamba yalikuwa maigizo tu, ukatulia. Hakula kitu kibaya, hakuwa na mdudu. Ni maneno tu. Sasa wewe jiulize: kama maneno ya dakika chache yanafanya hivyo, miezi 18 ya kungojea jibu la kazi inafanya nini? Na kodi ya nyumba? Na mdogo wako anayerudishwa shule kwa sababu ya minervali?

Huko Australia waliwafuata watu kwa miaka 12. Waliokuwa na wasiwasi mwanzoni bila ugonjwa wa tumbo, walipata magonjwa ya tumbo ya namna hii zaidi kuliko wengine. Na waliokuwa na tumbo bovu bila wasiwasi, walipata wasiwasi zaidi baadaye. Njia inapitika pande zote mbili. Hii ni muhimu, kwa sababu mtaani watu wamegawanyika makundi mawili yanayokosea wote: wale wanaosema "eko paka na mawazo, hana kitu", na wale wanaosema "haiwezi kuwa mawazo, ni mdudu hawajamuona". Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja na kutangazwa 2019 zilionyesha kwamba karibu watu 4 kwa kila 10 wenye kolopati wana dalili za wasiwasi. Maana yake pia 6 hawana. Kwa hiyo usimtazame kila mwenye tumbo ukamwambia ana kichwa kibovu.

Lakini tuongee juu ya hao 4.

Tazama siku ya mtu huyo. Ana mahojiano ya kazi saa nne asubuhi, kampuni moja ya madini iko na ofisi mjini. Tangu jana usiku hajala, "ili tumbo likae tupu". Asubuhi ameenda choo mara tatu, ya tatu bila haja yoyote. Mdogo wake anamngoja mlangoni:

"Yaya, twende, basi inajaa."

"Ngoja kwanza, niende tena ku choo."

"Lakini umetoka kule sasa hivi!"

Ndani ya taksi-basi anakaa karibu na mlango. Kila kituo anahesabu: hapa kuna choo cha kanisa, pale kuna hoteli, pale hakuna kitu. Masikio yake yote yako tumboni. Na tumbo likitazamwa hivyo, kila mgurumo wa kawaida unakuwa habari mbaya. Roho inapiga, jasho linatoka, utumbo unapata ile amri, unakaza. "Njo imeanza," anajiambia. Anashuka kabla ya mwisho, anarudi nyumbani. Akifika barazani tumbo linatulia kama maji ya mtungi, na kichwa kinajifunza somo moja: kukimbia kunaponyesha. Kesho ataogopa zaidi. Mwaka kesho atakataa kazi nzuri ya Likasi kwa sababu ya kilometa 120 za barabara. Nimeona hivyo kwa watu zaidi ya mmoja, na kila mara watu wa nyumbani walisema ni uvivu.

Hapo ndipo mnyororo unaweza kukatika, na kwa maoni yangu hapo pana faida kuliko mahali pengine pote. Tumbo huwezi kuliamuru. Kukimbia unaweza kukupunguza, kidogokidogo. Wanasaikolojia wana tiba inayoshughulika na mawazo na matendo kwa pamoja, na inafanya kazi kwa kolopati yenyewe, si kwa woga tu. Uingereza walijaribu kuitoa kwa simu na kwa intaneti kwa watu 558 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. Matokeo yalitoka 2019, na waliopata tiba hiyo waliendelea vizuri kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida. Kwa simu, bwana! Kwa hiyo umbali si sababu.

Sehemu moja ya tiba hiyo unaweza kuianza mwenyewe. Andika safari unazoziogopa, kutoka ile nyepesi hadi ile nzito. Ya kwanza labda ni kutembea hadi kando ya ziwa na kurudi baada ya kula. Ya pili, basi vituo viwili. Ya tatu, basi hadi mjini ukikaa katikati, si mlangoni. Ya mwisho huko chini, Likasi au Kolwezi. Kila ngazi unairudia mara nyingi hadi inakuchosha kwa uzoefu, ndipo unashuka inayofuata. Masharti yake ni magumu kidogo: uende choo mara moja tu kabla ya kutoka, ule kitu kidogo, na woga ukija usishuke, kaa nao. Woga unapanda, unafika juu, halafu unashuka wenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa hivi. Mtu ambaye kila siku anashuka kwenye basi ukiwa juu hajawahi kuuona ukishuka. Tumbo linaweza kuuma wakati huo, sikatai. Maumivu na aibu ya kujiharibia nguo ni vitu viwili mbalimbali. Hiki cha pili ndicho tunachokiogopa, na kwa wengi wetu hakijatokea hata mara moja.

Pumzi inasaidia, lakini si ile ya kuvuta kifua juu. Weka mkono tumboni, vuta hewa polepole mkono unyanyuke, toa polepole zaidi kuliko ulivyovuta. Pumzi kama sita kwa dakika. Fanya kila siku ukiwa mzima, si siku ya mahojiano tu. Askari hajifunzi bunduki siku ya vita.

Upande wa chakula, jambo la kwanza ni saa, si aina. Chakula kikishuka tumboni, utumbo mpana unapata ishara ya kusukuma; ni kawaida kwa kila binadamu, na asubuhi ishara hiyo ina nguvu zaidi. Mwenye kolopati anaisikia kwa sauti kubwa. Badala ya kukataa kula, amka mapema, kula kidogo saa moja au zaidi kabla ya kutoka, upe mwili nafasi ya kwenda choo kwa utulivu. Na ile desturi ya wanafunzi wa Kasapa na sisi machomeri, kula mara moja tu usiku, bukari mlima mzima, ni mateso kwa utumbo wa namna hii. Najua wengi hatuli mara moja kwa kupenda. Lakini kama bukari ni ileile moja, igawe mara mbili.

Watafiti wa chuo kikuu cha Monash, Melbourne, walionyesha kwamba kuna sukari fulani ambazo utumbo mdogo hauzinyonyi vizuri. Zinashuka chini, vijidudu vinazichachusha, gesi inajaa. Kwetu zimejaa kwenye maharagi, vitunguu, kitunguu saumu, mkate wa ngano na bitumbula vyake, maziwa (watu wazima wengi wa huku kwetu hawayasagi vizuri), na embe. Unga wa mahindi na mchele hauna shida hiyo kubwa, kwa hiyo usikubali mtu akuambie uache bukari. Maharagi yaloweke usiku mzima na maji yake uyamwage. Sehemu ya sukari hizo inaondoka nayo. Kitunguu kikaange kwa mafuta kisha ukitoe: sukari zile hazitoki kwenye mafuta, harufu inabaki. Ukiamua kuacha vyakula hivi vyote, iwe wiki 4 hadi 6 tu, halafu unarudisha kimoja kimoja ili ujue kipi hasa kinakuumiza. Wanaoacha vyote moja kwa moja wanakonda, na wanaanza kuogopa sahani kama walivyoogopa basi. Kama unakula kidogo tayari, usiingie kabisa kwenye mpango huo.

Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwa wanafunzi wakati wa sesioni, hivyo vinachochea vyote viwili, utumbo na wasiwasi. Pombe na pilipili, kila mtu apime mwenyewe.

Kutembea nako kuna uthibitisho. Sweden, 2011: watu 102 wenye kolopati, nusu yao waliambiwa waongeze mazoezi kwa wiki 12, dakika 20 hadi 60, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Wasiofanya, 23 kwa 100 dalili zao zilizidi. Waliofanya, 8 kwa 100 tu. Sisi wa Karavia tuko na ziwa na barabara yenye miti, bure. Watu wanalipa hoteli ili waone mandhari tunayopita kila siku tukiwa tumeinamisha vichwa kwenye simu.

Dawa. Kwa maumivu ya kukaza kuna za kulegeza utumbo, kama Spasfon na Buscopan, na zinasaidia baadhi. Loperamidi inazuia kuhara, ni nzuri kwa safari ndefu, lakini kamwe usiinywe kama kuna damu au homa. Na kuna amitriptilini, dawa ya zamani ya huzuni, ambayo kwa kipimo kidogo inatuliza mishipa ya utumbo. Uingereza waliijaribu kwa watu 463, matokeo yakatoka 2023: walianza na miligramu 10 usiku, wakapanda hadi 30 kwa waliohitaji, na ilifanya kazi vizuri kuliko kidonge kitupu. Inakausha mdomo, inaleta usingizi, inaweza kufunga choo, na ikizidi ni hatari kwa moyo. Kwa hiyo munganga ndiye anayeandika, si rafiki, si muuzaji wa pembeni ya barabara. Ile ya kuiogopa zaidi ni diazepamu ambayo watu wanainunua vidonge viwili vitatu "ya kulala". Leo inatuliza, baada ya wiki kadhaa mwili unaidai, na siku isipokuwepo wasiwasi unarudi na ndugu zake.

Kwa nani tuende? Kwa tumbo, daktari wa ndani pale Sendwe au kwenye kliniki za chuo kikuu. Kwa wasiwasi, tuna wanasaikolojia waliosomea palepale UNILU, na tuna kituo cha Docteur Joseph Guislain cha mafurere wa Charité. Najua mnachowaza. Lubumbashi mtu akionekana anaingia kule, jioni mtaa mzima unajua kwamba "kichwa imeharibika". Guislain mwenyewe alikuwa daktari wa Gent, Ubelgiji, karne ya 19, aliyetetea kwamba wagonjwa wa akili watendewe kama watu. Sisi wenye diploma ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuacha huo mchezo wa kucheka, lakini mara nyingi ndio tunaoogopa zaidi kuonekana.

Nyumbani, maneno machache yanatosha. Usimwambie mama "niko na anxiété généralisée", hatakuelewa na ataogopa. Mwambie hivi: "Mama, tumbo inaniumaka zaidi kama niko na mawazo. Haiko amiba, haiko sumu, hakuna muntu ameniloga. Munganga amesema ni ugonjwa wa tumbo yenyewe, iko na dawa na iko na mazoezi." Wengi wa wazazi wetu wanaelewa kuliko tunavyodhani, wao wenyewe waliwahi kukimbia choo siku ya harusi au ya kilio. Kama familia ni ya sala, sali nao, sala inatuliza watu wengi na sioni ugomvi. Ugomvi unakuja pale mtu anapoambiwa aache dawa ili kuonyesha imani, au afunge kula siku tatu wakati utumbo wake unahitaji chakula kidogo kwa saa zake. Pasta mwenye busara ukimweleza hivyo atakuruhusu kufunga kwa namna nyingine.

Na tusidanganyane juu ya muda. Kolopati inakuja na kwenda kwa miaka. Utapata miezi minne mizuri, halafu wiki ya kutetea memwari inafika na kila kitu kinarudi. Wengi hapo wanasema "tiba imeshindwa" na kukimbilia labo. Kabla ya kukimbia, pitia zile dalili za hatari nilizotaja juu. Kama hakuna hata moja, na maumivu ni yaleyale unayoyajua, basi ni mzunguko wa kawaida: rudi kwenye saa za kula, rudi kwenye kutembea, panda ngazi ulizoshuka, ukianzia mbili tatu nyuma. Kama kuna kipya ambacho hukukijua, hicho ndicho cha kupeleka kwa munganga.

Na ukienda kwake, usiende mikono mitupu. Kwa foleni zetu, atakuwa na dakika chache tu kwa ajili yako. Wiki mbili kabla, chukua daftari uandike kila siku mistari mitatu: saa ulizokula na ulichokula, mara ulizoenda choo na choo kilikuwaje (kigumu kama mbuzi, laini, maji), na woga wa siku hiyo kutoka 0 hadi 10, pamoja na jambo lililotokea. Peleka pia karatasi zote za labo na majina ya dawa zote ulizokunywa mwaka huu, hata zile ulizopewa na jirani. Halafu mwambie waziwazi yale mawili kwa pamoja, tumbo na mawazo, katika sentensi moja, kabla hajashika kalamu ya kuandika Flagyl.